Klei ya kusafishia rangi ya gari: namna ya kuchagua ukiwa Kigoma au Tabora

Osha gari, likaushe, kisha ingiza mkono kwenye kifungashio chembamba cha nailoni (cha mkate kinatosha) na upitishe vidole taratibu juu ya boneti, paa na buti. Nailoni hupunguza msuguano wa ngozi, hivyo hata kipele kidogo sana utakihisi. Uso ukiwa laini kote, huhitaji klei. Weka waksi tu na hela yako ibaki mfukoni. Ukihisi vipele, kuna vitu vimeng'ang'ania juu ya klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi, na sabuni haiwezi kuvitoa.

Klei ni bonge la plastiki laini lenye chembe ndogo sana za kusugulia ndani yake. Linateleza juu ya maji ya kulainisha na kung'oa kile kilichochomoza juu ya uso wa rangi. Asili yake ni Japani. Tadao Kodate, aliyepewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1995, aliielezea kuwa ni jiwe la kusagia linalonyumbulika, na maelezo hayo ndiyo ya kukumbuka dukani. Unanunua kifaa cha kusugua. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50 tu, na ikishalika hairudi.

Kosa linaloharibu magari mengi huku kwetu ni kununua klei kali kwa sababu gari limegeuka jekundu. Vumbi la Sikonge, Uyui, Buhigwe au Uvinza halihitaji klei kabisa. Linahitaji maji mengi na sabuni. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga wa kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko klia yoyote. Ukipitisha klei kabla hazijaondoka, klei inazibeba na kuzikokota juu ya rangi, na mikwaruzo utakayoiona jioni utadhani imeletwa na klei mbovu. Kwa magari mengi ya mikoa hii miwili klei inayofaa ni ile laini, na kazi nzito ifanywe na maji na dawa kabla klei haijatoka kwenye pakiti.

Angalia kwanza kilichoganda

Chembe za chuma huonekana kama vidoti vya kutu, hasa kwenye gari jeupe. Hutoka kwenye breki, kwenye reli, na kwenye gereji za kuchomelea mageti zilizo kando ya barabara. Gari linaloegeshwa kila siku karibu na grenda linapigwa na cheche, na kila cheche ni kipande cha chuma cha moto kinachojipachika kwenye klia. Hapa anza na dawa ya kuyeyusha chuma. Pulizia kwenye bodi lililopoa, subiri dakika 3 hadi 5, dawa itageuka zambarau pale ilipokutana na chuma, kisha suuza kwa maji mengi kabla haijakauka. Vaa glavu, na usishangae harufu. Karibu dawa hizo zote zinanuka salfa. Baada ya hapo klei laini humalizia kilichobaki.

Lami hukaa chini ya milango na nyuma ya matairi, hasa kwa gari lililopita kwenye kipande cha barabara kinachotengenezwa. Klei inaweza kuitoa, lakini lami itaingia ndani ya klei na kuliua bonge zima. Tumia dawa ya lami. Kama haipatikani, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, yakae sekunde 30, futa, kisha osha sehemu hiyo kwa sabuni hapo hapo. Petroli na tina (ya kuyeyushia rangi) usizitumie kutoa lami.

Utomvu wa miembe ni tatizo la Ujiji na Tabora mjini kwa pamoja, maana kivuli kizuri cha kuegesha gari ndicho hicho hicho kinachodondosha. Ukiwa bado laini, loweka kitambaa kwa spiriti, kibandike juu ya tone kwa sekunde 30 hadi 60, kisha nyanyua bila kusugua. Klei hutoa mabaki. Ikiwa utomvu umeshachoma klia na kuacha shimo au kivuli, hiyo si kazi ya klei tena, ni ya polishi.

Magari yanayobeba mawese hupata utando wa mafuta kwenye buti na bampa la nyuma. Mawese huganda yakipoa, hivyo asubuhi utahisi kama uchafu mgumu na utashawishika kutumia klei. Maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha. Hapa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa, kwa kuwa utaweka waksi mpya mwishoni.

Kuna pia madoa ya maji. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali (pH yake inakaribia 9) na madini ya kutosha, kwa hiyo yakikaukia juani juu ya rangi nyeusi huacha duara jeupe. Changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, pakaza, hesabu dakika 1, suuza. Klei hupunguza ukoko wa juu tu. Na kuosha gari ufukweni kuachwe, kwa sababu ya madoa hayo na kwa sababu sabuni na mafuta vinaingia kwenye maji ambayo watu wanateka.

Kusoma pakiti

Kwenye pakiti utakuta maneno ya Kiingereza ya laini, wastani na kali, na mara nyingine namba au rangi. Yanachanganya mambo mawili tofauti. La kwanza ni ukali wa chembe zilizomo, yaani zinasugua kiasi gani. La pili ni ugumu wa bonge lenyewe, yaani linakandika kwa urahisi kiasi gani. Bonge gumu linaweza kuwa na chembe laini, na bonge teketeke linaweza kuwa na chembe kali. Soma maelezo ya nyuma, sio jina la mbele.

Ukali wa chembe uchague kwa kufuata uchafu. Chembe laini ndizo za kuanzia kwa kila gari, na hazitakiwi kuacha alama zinazoonekana kwenye klia ya kawaida zikitumiwa vizuri. Za wastani ni kwa gari ambalo halijawahi kusafishwa namna hii kwa miaka, au lililorushiwa ukungu wa rangi na jirani anayepuliza geti. Huacha ukungu mwepesi unaotaka polishi baadaye. Kali ni za fundi mwenye mashine ya polishi mkononi, ambaye tayari ameamua kuipiga polishi rangi yote. Kama huna mashine, au hujui fundi wa kuaminika mwenye nayo, usinunue kali hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Ugumu wa bonge uchague kwa kufuata joto. Kampuni ya Bilt Hamber ya Uingereza, kwa mfano, hutengeneza aina teketeke kwa ajili ya hali ya hewa ya ubaridi. Hapa kwetu aina hiyo italegea mkononi na kuacha michirizi inayonata kwenye rangi. Kigoma kuna joto karibu mwaka mzima, na Tabora Septemba na Oktoba jua la mchana halina huruma. Nunua bonge lililo gumu kidogo. Asubuhi za Juni na Julai Tabora litakuwa kavu na litakataa kukandika. Liloweke dakika 5 kwenye maji ya uvuguvugu, litafuata.

Rangi ya klei haina kanuni. Bluu ya kampuni moja ni laini, bluu ya nyingine ni ya wastani. Hata hivyo rangi ina faida moja ambayo wauzaji hawaisemi: inakuonyesha uchafu. Kwenye mikoa ya udongo mwekundu, klei nyekundu, ya chungwa au ya kahawia huficha vumbi lililoingia ndani yake, nawe unaendelea kusugua gari na mchanga bila kujua. Chukua nyeupe, ya kijivu hafifu au ya bluu iliyopauka.

Kuhusu uzito, gari dogo kama IST au Vitz linahitaji gramu 40 hadi 50. Noah au Land Cruiser, gramu 80 hadi 100. Bonge la gramu 100 ndilo lenye manufaa zaidi: likate vipande 3 kwa kisu, utumie kimoja kwa wakati. Kipande kikianguka chini kinatupwa, hakisuuzwi, hakikwanguliwi, hakikunjwi ndani. Mchanga ukishaingia hautoki. Ukiwa umekata, umepoteza theluthi; ukiwa unatumia bonge zima, kazi imeishia hapo.

Kama muuzaji anakuruhusu kufungua, kanda kipande kidogo kati ya vidole. Klei nzuri inavutika kama donge la chapati lililokandwa likapumzika: inarefuka kabla ya kukatika, hairudi ikiwa na nyufa, haigandi kwenye vidole. Ikimeguka vipande vikavu, imezeeka au imekaa wazi. Ikinata, imepigwa na joto. Mzigo mwingi wa aina hii hutoka Kariakoo na kusafiri kwenye buti la basi siku nzima, kwa hiyo pakiti iliyotutumka, au yenye bonge lililobandikana na nailoni yake, irudishe. Tafuta yenye kopo lake lenye kifuniko, maana utalihitaji baadaye.

Rangi ya gari lako nayo inaamua

Magari mengi yanayotufikia ni Toyota zilizotumika Japani. Fungua mlango wa dereva au boneti, tafuta bati lenye taarifa za gari, kisha soma namba inayofuata neno la rangi, mara nyingi limeandikwa C/TR. Ukiona 202, hiyo ni nyeusi inayojulikana duniani kote kwa ulaini wake. Kitambaa kibaya tu kinaichora. Kwa 202 ni klei laini pekee, maji ya kulainisha mara mbili, na ujiandae kuipiga polishi nyepesi mwishoni. Namba 040 ni nyeupe ambayo mara nyingi haina klia juu yake. Ukiisugua, klei itabeba weupe. Hilo si balaa, ni rangi yenyewe inayotoka kidogo, lakini ni ishara ya kutoongeza nguvu.

Gari lililopigwa rangi upya mtaani ni habari nyingine. Jaribu sehemu iliyojificha, ndani ya kifuniko cha tangi, kwa kitambaa chenye tone moja la tina. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, ni ile ya kukauka haraka, na klei haiifai. Osha na weka waksi, basi. Isipoyeyuka, ni rangi ya kuchanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), na inastahimili klei laini, ila isubiri angalau siku 30 tangu ilipopulizwa. Rangi zisizong'aa, stika zisizong'aa na plastiki nyeusi za bampa zisizopakwa rangi zisipitishwe klei kamwe. Zitapata mabaka yanayong'aa na hakuna dawa ya kuyarudisha.

Maji ya kulainisha

Watu hubana hela hapa, na hapa ndipo klei nzuri inapogeuka msasa. Klei haitakiwi kugusa rangi kavu hata kwa sekunde moja. Gari dogo linakula lita 1, Noah lita 1.5 hadi 2. Shampuu ya gari isiyo na waksi, mililita 5 hadi 10 kwa lita 1 ya maji safi kwenye chupa ya kupulizia, inafanya kazi vizuri. Ukipata Optimum No Rinse (dawa ya kuoshea gari isiyohitaji kusuuzwa), weka mililita 15 kwa lita 1. Klei chache, ikiwemo ya Bilt Hamber, zimetengenezwa kutumika na maji matupu, na kwa mtu aliye mbali na maduka ya vifaa hiyo ni sababu tosha ya kuitafuta.

Sabuni ya unga haifai, kwa sababu punje zisizoyeyuka ni mchanga mwingine. Sabuni ya vyombo nayo iishie kwenye kuosha. Baadhi yake huilegeza klei hadi ikaanza kumeguka na kuacha vipande. Maji ya kisima yachuje kwa kitambaa kabla ya kuyatia kwenye chupa.

Kazi yenyewe

Siku nzuri ni ile iliyofuata mvua, au asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Mwezi Aprili na Mei, mvua zinapoishia, unapata hewa isiyo na vumbi. Agosti au Septemba ukifanyia kazi uwanjani, vumbi linatua juu ya maji ya kulainisha wakati bado unasugua, basi ingia ndani ya gereji au uache. Bodi liwe kivulini na liwe limepoa kiasi cha kuweka kiganja bila kukitoa.

Tenga madumu 3 au 4 ya lita 20. Suuza gari kuanzia paani kushuka, ukisisitiza mifereji ya madirisha, chini ya vipangusio na ndani ya madigadi, kwani huko ndiko mchanga unakojificha na kushuka baadaye. Osha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji. Suuza tena. Kisha dawa ya chuma na ya lami pale tu panapohitajika, na suuza ya mwisho.

Chukua kipande cha klei, kikande hadi kilainike, kitandaze kiwe duara la sentimita 6 hadi 8, unene kama nusu sentimita. Pulizia maji ya kulainisha eneo la sentimita 50 kwa 50 na uso wa klei wenyewe. Boneti la gari dogo ligawe mara 4. Weka klei chini ya vidole vinne na uipitishe kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, bila kukandamiza. Uzito wa mkono unatosha. Usizungushe duara, maana alama ya duara huonekana juani kutoka kila upande, ya mstari huonekana upande mmoja tu. Mwanzoni utasikia mkwaruzo na klei itakuwa inashikashika. Baada ya mara 5 hadi 10 sauti inakufa na klei inateleza yenyewe. Acha hapo hapo. Futa kwa taulo la maikrofaiba, jaribu kwa nailoni, sogea.

Ukifika mara 15 na vipele bado vipo, usiongeze nguvu. Rudia dawa ya chuma au ya lami. Vikiwepo hata baada ya hapo, ndipo ufikirie klei ya wastani, na iwe kwa eneo hilo tu.

Kila umalizapo eneo, geuza klei uitazame. Ikiwa na vidoti au utando wa kahawia, ikunje, ikande, itandaze upya. Haijapata pa kukunjia safi? Imekwisha. Milango ya chini na bampa la nyuma viache mwisho, kwa sababu ndivyo vichafu zaidi, na kipande kilichopita huko kisirudi boneti. Kiweke kwa ajili ya vioo na rimu.

Klei ikishika na kukataa kusogea, maji ni kidogo au bodi lina joto. Ikiacha michirizi inayonata, imeyeyuka: futa michirizi kwa spiriti kidogo, hamia kivulini, na loweka klei dakika chache kwenye maji baridi. Ukiona ukungu wa mistari myembamba baada ya kufuta, ulikandamiza, au chembe ni kali kwa rangi hiyo. Polishi ya kumalizia, kwa mkono au kwa mashine, huuondoa.

Klei huondoa pia waksi ya zamani, kwa hiyo gari liko wazi. Suuza, kausha, na upake waksi au kinga nyingine siku hiyo hiyo, kabla halijalala chini ya mwembe. Baada ya hapo usirudie kwa ratiba ya kalenda. Jaribio la nailoni ndilo litakuambia, na kwa magari mengi ni mara 1 au 2 kwa mwaka.

Glavu na taulo za klei

Kwa anayeosha magari kwa biashara, glavu au taulo lenye uso wa mpira wa klei lina faida: ni la haraka, na likianguka chini linasuuzwa na kurudi kazini. Upungufu wake ni kwamba vidole havihisi uchafu vizuri, na huacha ukungu kwa urahisi zaidi ya bonge la klei laini. Chagua daraja laini tu, na kabla ya kuligusisha rangi kwa mara ya kwanza lisugue kwenye kioo cha mbele chenye maji ya kulainisha kwa dakika 2 au 3, litoe utando wa kiwandani. Suuza uso wake kila baada ya paneli moja. Kwa gari moja la nyumbani, hasa jeusi, bonge bado ni bora.

Kipande cha klei kilichobaki safi kipulizie maji ya kulainisha, kifunge ndani ya kopo lake, kiweke chumbani penye ubaridi, kamwe si kwenye dashibodi wala kwenye buti. Glavu na taulo zikaushwe kivulini zikiwa zimetandazwa; nyuso mbili za mpira zikigusana kwenye joto hushikana, na ukizivuta zinachanika.